Bati la Hermelinda

Katika banda la kufungia waridi, juu kidogo ya mji wa Cayambe, hakukuwa na mwanamke asiyemjua Hermelinda Farinango. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ileile, akipanga mashina ishirini na tano kwa kila fungu, mikono imechanjwachanjwa na miiba, ulimi mkali kuliko mkasi wake. Chini ya meza aliweka bati la biskuti, na ndani ya bati mlikuwa na vidonge.

Niseme mapema, kabla hamjamhukumu: hakuwa mganga wala mchuuzi. Msimu wa Februari, wapenzi wa nchi za watu wanapodai waridi zao, choo kiko mbali na msimamizi ameshika saa. Basi wanawake wale walijizoeza kutokunywa maji tangu alfajiri na kubana mkojo mpaka mchana, na haukupita mwezi bila mmoja wao kukojoa moto. Duka la dawa la mtaani liliuza bila kuuliza swali. Mgonjwa alimeza mpaka maumivu yaishe, siku mbili au tatu, halafu vilivyobaki akavifunga kwenye karatasi, akaandika jina lake na kuvitia batini kwa ajili ya mwenzake. Ulikuwa upatu wao. Kumaliza vidonge vyote peke yako, na umeshapona, kulihesabiwa uchoyo.

"Herme, fungua duka," mtu angesema, ameshika kinena.

"Wewe tena? Hivi mumeo hana kazi nyingine?"

Banda zima lingecheka, hata yule anayeungua.

Hermelinda mwenyewe aliugua mara tano katika mwaka mmoja. Alikunywa maji ya majani yaitwayo mkia wa farasi, akakalia tofali la moto lililoviringishwa kitambaa, maana mama yake alimwambia ni baridi ya sakafu. Kila mara bati lilimtuliza, na kila mara ugonjwa ulirudi. Hakujiuliza kwa nini. Nani ana nafasi ya kujiuliza mambo katikati ya Februari?

Jumanne moja, Yadira, binti yake wa pekee, mwenye mimba ya miezi saba, alianguka kando ya meza ya pili alipofanyia kazi. Alitetemeka meno yakigongana, mkono umeshika ubavu. Hermelinda aliinama kuvuta bati. Kisha akamgusa binti yake mgongoni, akaona jinsi anavyochemka, akaliacha bati lilipo na kupiga mayowe gari litafutwe.

Siku ya tatu hospitalini, Daktari Villacís, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimwita pembeni.

"Mama, maambukizi yamepanda kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo. Tumeuotesha mkojo wake maabara tuone wadudu gani. Dawa tatu tunazozitegemea hazimuui mdudu huyu. Nimemwekea nyingine ya dripu, tuombe ifanye kazi, maana uchungu ukianza sasa, mtoto bado mdogo."

Hermelinda alichungulia mlangoni, kitandani kwa binti yake.

"Mwezi uliopita kliniki ilimpa vidonge vya siku saba. Alimaliza?"

"Alimaliza, dokta! Mimi si ndiye mama yake?"

"Na huko kazini mnakunywa maji?"

Hermelinda alicheka kwa mazoea. Daktari hakucheka.

"Anayebana mkojo kutwa nzima anawafuga wadudu. Anayeacha dozi katikati anawabakiza, na wanaobaki wanaweza kuwa wale sugu. Na kumeza dawa za mwenzako ni kubahatisha."

Palepale bati likamjia Hermelinda machoni. Vidonge vyote vile! Miaka yote ile! Alitoka bila kuaga, akapanda gari mpaka bandani, nia yake alilete lile bati daktari alione.

Alilifungua akiwa amepiga magoti. Karatasi ya tatu aliyoishika ilikuwa na mwandiko anaoujua tangu ulipokuwa wa herufi kubwa zilizopinda. *Vinane. Kwa atakayeungua. Yadira.* Vilikuwa vya kliniki, vya rangi ileile ya vile alivyopewa Yadira mwezi uliopita. Hermelinda aliachama. Akabaki ameketi sakafuni katikati ya majani yaliyokatwa kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

"Herme, vipi Yadi?" Alikuwa Rosaura wa meza ya jirani, amejikunyata. "Pole, shoga. Lakini nipe viwili tu, nakufa."

"Vua aproni, unywe maji. Tunaenda sote kwa daktari, ukapimwe."

"Msimamizi je?"

"Na akae na saa yake!"

Walimkuta Yadira macho mekundu, ila homa imeanza kushuka. Mashine kando ya kitanda ilitoa mapigo ya moyo wa mtoto, mbiombio. Hermelinda aliketi, bati mapajani, asijue aanzie wapi.

Yadira aliliona, akatabasamu kwa tabu.

"Mama, umekuja nalo? Nilisahau kukwambia, nami niliweka vyangu." Alimeza mate. "Vimemfaa mtu?"

Hermelinda alimshika mkono wenye sindano, taratibu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Vilikuwa vyako."