Kiganja Kwenye Kioo cha Bosko

Dafroza alikuwa chini kwenye mtaro wa maji, mkono wake wa kulia umekunjika chini yake kwa namna ambayo mkono haukunjiki. Mimi nilikuwa juu, kwenye lami ya barabara ya Gatsata, nimekaa kama mtoto, mguu wangu mmoja uliobaki umenaswa chini ya pikipiki, mvua inanichapa usoni. Na mbele yangu kile kioo cha pikipiki cha kukinga upepo. Usukani umepinda, taa imepasuka, mke wangu analia mtaroni, lakini kioo kizima, hakina hata ufa. Na upande wake wa ndani, ule upande wa dereva, kiganja cha mtu kilikuwa bado kinafuta. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kiganja tu. Mwenye kiganja hakuwepo.

Utasema niligonga kichwa. Hata daktari alisema hivyo, akaandika hivyo. Basi mje muione kofia yangu ya pikipiki, iko msumarini nyumbani, haina hata mkwaruzo. Sikugonga kichwa. Sikunywa. Ilikuwa mchana, saa ambayo watoto wanatoka shule. Haya ninayoyaandika yalinipata mimi, si mtu aliyeniambia, na waliohusika nitawataja kwa majina yao.

Kwa nini niwataje? Kwa sababu mguu wangu wa kwanza ulichukuliwa na lori la mizigo zamani, na dereva alikimbia. Sikumjua jina. Miaka yote nimekaa na hasira isiyo na jina la kuitia. Safari hii majina ninayo.

Mimi shule niliishia darasa la nne, huko Ngara nilikokulia, kwa hiyo usinitafutie maneno mazuri. Baada ya lori, aliyelala kitandani nilikuwa mimi, na aliyetulisha alikuwa Dafroza, mke wangu. Ni msusi, anasukia watu Kimisagara. Vidole vyake ndivyo vilivyonunua unga, vikanunua dawa, na mwisho vikanisaidia kupata pikipiki ya magurudumu matatu. Uukumbuke mkono huo, ndio ninaoudai.

Pikipiki yenyewe ni ile ya kukaa wazi. Haina paa, haina mlango. Mbele usukani, nyuma sanduku la mizigo na kibao cha mtu mmoja kukalia. Nilianza kubeba mizigo ya wenye maduka wa Muhima. Walinitania: "Mzee, Mungu kakunyang'anya mmoja kakurudishia mitatu! Na sisi atukate!" Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Tatizo likawa kifua. Upepo wa kushuka kutoka Gatsata hadi Nyabugogo haukuombi ruhusa, unakuingia shingoni na kutokea mgongoni. Nikawa nakohoa usiku kucha. Dafroza akaniambia, "Baba Alini, ama utafute kioo cha mbele, ama ulale sebuleni na kikohozi chako." Nikaenda Gatsata kwa Bosko.

Bosko ni fundi, ana kibanda kati ya vibanda vya vipuri kule. Alikuwa na rafiki yake Damasi, dalali wa vipuri, amekaa juu ya tairi anatafuna karanga. Nawataja tena ili msiwachanganye: Bosko fundi, Damasi dalali.

"Karibu, muzehe! Unataka parabrizi?" Bosko akasema, ndivyo wanavyokiita kioo cha mbele. "Chagua. Hii fupi, hii nyeusi, hii ndefu."

Ile fupi ilikuwa mpya lakini ilifika kifuani tu. Nyeusi ni ya vijana wa kujionyesha, kukiwa na wingu huoni hata shimo. Ndefu, lo! Plastiki ngumu, nene, imepinda vizuri kama ganda la yai, imesuguliwa ikang'aa. Nikaishika. Ilikuwa baridi, na jua lilikuwa linawaka.

"Hiyo iko muzuri sana," Damasi akasema bila kuniangalia. "Bahati yako."

Chini ilikuwa na matundu manne yaliyozibwa kwa mpira. Nikauliza, "Haya matundu ya nini? Kwangu hayalingani na vyuma."

"Ya kiwandani hayo, muzehe. Natoboa mengine."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Mafundi wa Gatsata wana desturi yao. Unakaa kwenye kiti chako kama unaendesha, fundi anashika kioo mbele yako, anachukua kipande cha sabuni na kuchora mstari pale pua yako inapofikia. Kinachozidi mstari kinakatwa. Plastiki hii si kioo cha gari, haina waipa. Mvua ikinyesha huoni kitu kupitia kwake. Inatakiwa isukume upepo juu ya kofia yako, na macho yako yapite juu ya ukingo. Kuangalia juu yake, si kuangalia ndani yake. Kila fundi anajua.

Bosko alichora mstari. Akachukua msumeno. Mimi nikasikia ule msumeno ukigusa plastiki. Nikasema, "Acha. Usikate."

"Muzehe, kitakuzidi kichwa."

"Nimekatwa vya kutosha. Changu hakikatwi tena."

Watu wakacheka pale kibandani. Bosko hakucheka. Aliweka msumeno chini upesi, upesi mno, kama mtu aliyekuwa anaomba nimkataze. Fundi wa kweli angebishana nami. Angeniambia, basi nenda kanunue kwingine. Yeye alikifunga akiwa na kitambaa mkononi, hakukigusa kwa ngozi yake hata mara moja. Niliona, nikadhani anaogopa kuacha alama za grisi.

Kesho yake niko chini ya Muhima, nangoja mzigo. Jua la mchana, vumbi jekundu linapaa. Akaja mtu amelowa chapachapa. Niamini. Shati limeganda mwilini, maji yanachuruzika kutoka nywele hadi kidevuni, na mbinguni hakuna wingu hata la ukubwa wa sahani. Mguu mmoja mfupi, anaegemea fimbo. Nikajua ni mwenzetu, nikamwamkia.

"Umekiweka juu mno, kaka," akasema.

"Nimekipenda hivyo."

"Na mimi nilikipenda hivyo."

Akaweka kiganja chake kwenye kioo, kwa ndani, pale puani kwangu. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi, ncha haipo. Halafu akainama akachomoa mpira mmoja kwenye yale matundu, akaingiza kidole na kukizungusha polepole, kama mtu anayejua kitu chake kilipo.

"Mwambie Bosko na Damasi waje kwangu wanawe mikono," akasema.

Asiye wa huku pengine hajui. Kwetu tukitoka kuzika, tunarudi nyumbani kwa mfiwa na kunawa mikono pale mlangoni, tunaita gukaraba. Asiyenawa anatembea na msiba mikononi. Na vitu vya marehemu havitoki kwake kabla kilio hakijaondolewa, yaani matanga hayajaisha. Kwa hiyo hakuna anayekualika kunawa kwake pasipo maiti. Nikafikiri ni mzaha, nikamwuliza, "Kwani kwako kafa nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. Basi la abiria likapita kati yetu na msichana mmoja muuza maandazi aliyekuwa pembeni, likapuliza vumbi, nikafumba macho. Nilipofumbua hakuna mtu. Nikatazama chini alipokuwa amesimama. Pakavu. Hata tone. Lakini kiganja kilibaki kwenye kioo, kimelowa, na jua likakiacha hivyo hadi magharibi.

Nilikisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa dawa ya meno. Jioni kikapotea chenyewe. Nilipomwambia Dafroza, hakunicheka. Alisema neno moja: "Rudisha."

Nikarudi kwa Bosko. Nikamweleza yote, na ule ujumbe wa kunawa mikono. Damasi aliacha kutafuna. Bosko alikuwa anakaza nati, mkono ukasimama hewani.

"Jua lilikupiga, muzehe."

"Basi kishike. Kishike kwa mkono mtupu."

"Kitu kikishatoka hapa hakirudi," akasema, na akageuka kunipa mgongo.

Nikaondoka nacho. Ningekitupa? Kifua kilikuwa kimepona, mizigo inangoja, na kiganja hakikuonekana tena kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha.

Ilinyesha siku Dafroza alipokwenda Gatsata kumsuka bibi harusi. Nilikwenda kumchukua. Akapanda nyuma, ananisimulia jinsi mama wa bibi harusi alivyolia kuliko bibi harusi, tunacheka, tunashuka. Mvua ikaja mara moja, ya matone mazito. Kioo kikajaa maji. Nikanyoosha shingo niangalie juu ya ukingo, sikufika. Nikainama pembeni, nikaona taa za basi linapanda. Sawa, nikasema, nitashika upande wangu. Ndipo kile kiganja kikatokea kwa ndani, mbele ya macho yangu, na kuanza kufuta. Kidole cha shahada kifupi. Kushoto, kulia, kwa haraka, kama mtu mwenye hofu kuu. Kila kilipopita, kikaniziba. Nikapiga kelele, "Toa mkono! Toa mkono!" Dafroza akadhani namwambia yeye, akaniachia kiuno. Nikakata kona, tukaingia kwenye ukingo wa mtaro. Hayo mengine nimekwisha kuyaandika.

Waliotutoa walikuwa wapita njia, na mama mmoja muuza mayai. Yule mama alipokiona kioo akajishika kichwa. "Yesu wangu! Hapa hapa? Na kioo hikihiki? Si cha Anastazi hiki?"

Nani Anastazi? Akaniambia: mwanamume mwenye mguu mfupi, alikuwa na pikipiki kama yangu, alianguka palepale katika mvua kama ile, akafa kabla hajafikishwa popote. Mkewe yuko Kimisagara.

Nilipoweza kushika gongo la kutembelea, nikaenda, jirani akanibebea kioo. Mjane wa Anastazi anaitwa Mama Kevini. Nilipokaa tu, kabla sijasema neno, akauliza, "Alikuwa na kidole kifupi cha shahada?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanipeleka uani. Mabaki ya pikipiki ya mumewe yalikuwa yameegemea ukuta, yameshika kutu. Tukakiweka kioo juu ya vyuma vyake. Yale matundu manne, ambayo Bosko aliniambia ni ya kiwandani, yalikaa kwenye bolti zake kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Bosko ndiye aliyemfungia," akasema. "Kirefu hivyohivyo, hakukikata. Siku ya mazishi alikuja na Damasi, tukafikiri wamekuja kulia nasi. Tulipokwenda makaburini wao walibaki. Tuliporudi kunawa, kioo hakikuwepo, na wao hawakuwepo."

Kisha akanionyesha mlangoni. Pana ndoo ya maji ya kunawia, imefunikwa kwa sahani. Hajaimwaga tangu siku hiyo. Akiona yamepungua, anaongeza. "Wawili bado hawajanawa," akasema. "Nitamwagaje?"

Kioo nimekiacha kwake. Ananiambia mvua ikinyesha anasikia uani sauti ya ngozi ikisugua plastiki, kwii, kwii, hadi mvua ikatike. Wengine wananiambia Anastazi alikuwa ananisaidia, ananifutia nione njia. Huenda. Mtu aliyekufa kwa kutoona, atafanya nini kingine zaidi ya kufuta? Lakini hakujua kwamba mkono wake wenyewe ndio unaoziba. Simlaumu. Mtu aliyeibiwa kilio chake hatulii.

Ninaendesha tena, bila kioo. Kikohozi kimerudi. Mkono wa Dafroza uliungwa vibaya, vidole haviwezi kufumba. Wateja wanakuja kumsalimu, wanakwenda kusukwa kwingine. Asubuhi naamka naona amekaa kitandani, anajaribu kusuka pindo la shuka.

Wewe unayetafuta kioo cha pikipiki, usidanganywe na kung'aa. Uliza kilitoka kwa nani. Tazama matundu yake. Kaa kwenye kiti chako, chorewa mstari wa sabuni puani, na mwache fundi akate, hata kama wewe mwenyewe ulikwishakatwa. Na fundi asiyetaka kukigusa kwa mkono mtupu, mkimbie.

Nilikwenda ofisi ya serikali kulalamika. Kijana wa mezani akaniambia ya wafu hawaandiki. Basi nimeandika mimi, na darasa langu la nne.

Bosko, fundi wa Gatsata. Damasi, dalali. Mnajua nyumba ilipo, kwani mlifika kuiba. Aliyekufa anawangoja, na mimi niliye hai nawangoja: mje mjibu mbele ya Mama Kevini, na mbele ya Dafroza na ule mkono wake. Maji yapo mlangoni. Njooni mnawe.