Kondoo wa Chini ya Kitanda

Nilipomaliza chuo cha afya ya jamii, mwanzoni mwa miaka ya themanini, niliajiriwa na halmashauri kama bwana afya, nikapanga chumba karibu na mtaa wa Mowlem, nikiamini kwamba sheria ikifuatwa kwa uaminifu, hata maskini ataishi kwa heshima. Sheria ndogo za mtaa zilikataza mifugo ndani ya vyumba vya kulala. Nilikuwa nimezihifadhi zote kichwani.

Ukuta mmoja tu ulinitenganisha na mjane kutoka Murang'a aliyeuza mboga sokoni. Kila mchana, yeye hayupo na kufuli linaning'inia mlangoni, nilisikia kikohozi chumbani mwake. Kikavu, cha mzee. Kisha pumzi ndefu. Kisha kimya.

"Ni mumewe," waliniambia akina mama bombani. "Alikufa akikohoa hivyo hivyo. Bwana Afya, huyo naye utampima makohozi?"

Walicheka sana, lakini hakuna aliyeanika nguo upande ule.

Jumamosi moja nilimsubiri mjane, nikamwomba anifungulie. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Alipoinua shuka, macho mawili ya manjano yalinitazama kutoka chini ya kitanda. Kondoo dume, mnono kupita kiasi, kwato zimerefuka na kupinda kwa kukosa kutembea. Akakohoa. Nilikwisha kuona kuwa ni mnyama, na bado nywele zilinisimama.

"Ni wa mahari ya mwanangu," alisema mjane. "Kwetu dume la wakwe hunenepeshwa hapa, gizani. Umebaki mwezi mmoja tu. Usiniandike, mwanangu."

"Mama, sheria haijui mwezi mmoja."

Niliandika. Jumatatu vibarua wa halmashauri walileta mkokoteni. Kondoo alitolewa juani, akasimama kama kipofu. Hakulia hata walipomfunga miguu.

Niliingia kwa mjane kumweleza habari za magonjwa na hewa safi. Alinisikiliza hadi mwisho, ameketi kitandani.

"Wakwe nitawaomba radhi," alisema. "Lakini tangu mzee wangu afe, sijalala chumba kisicho na pumzi nyingine."

Nilifunga daftari langu, nikainuka.

"Kitanda chako," akasema, "kisogeze kwenye ukuta wetu."

Nilikisogeza. Kwa miezi mingi nililala nikijua kwamba pumzi zangu zinasikilizwa.