Mnamkumbuka marehemu kwa muziki wake wa TV. Mimi siku hiyo muziki ulinipotezea baba

Wakuu, salamu kutoka Noonkopir, Kitengela.

Nimesoma nyuzi zote za huyu mtunzi wa muziki wa filamu na vipindi tuliyempoteza majuzi. Mmeandika vizuri. Mmoja amesema ile tune ya kipindi cha saa kumi na mbili unusu ilimkumbusha chapati za nyanyake, nikacheka kidogo.

Yangu si ya kuchekesha sana. Lakini ni ya kweli tupu. Kuongeza chumvi kunahitaji nguvu na mimi sina.

Niko na mashine ya kufuma sweta za shule, nafanyia kazi nyumbani. Mke wangu ni mwalimu Kajiado mjini, anarudi Ijumaa. Kwa hivyo katikati ya wiki ni mimi na Baba.

Baba ni mzee wa ng'ombe. Maisha yake yote alichunga huko nyuma ya Isinya. Mama alipofariki nikamleta hapa kwa plot, hizi nyumba za kupanga za gate moja, na sasa ni mwaka wa nne akiwa na ugonjwa wa kusahau.

Jina langu lilienda kitambo. La Mama lilifuata.

Sasa hii tune.

Tukiwa watoto tulikuwa na TV ndogo ya black and white, inatumia betri ya gari. Kile kipindi kikianza, Mama alikuwa anafungua dirisha na kuongeza sauti mpaka mwisho. Si kwa sababu yetu. Baba hakuwa na saa, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Akisikia zile filimbi za mwanzo, anahesabu ng'ombe wakiingia, anafunga boma, ananawa, anakula.

Kipindi chenyewe sidhani aliwahi kukitazama hata siku moja.

Miaka miwili iliyopita, jioni zilikuwa zimenishinda. Wenye mnatunza wazazi mnajua. Jua likienda chini mzee anabadilika, anataka kwenda "nyumbani", anasukuma mlango, anakukasirikia. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikatafuta ile tune kwa simu nikaiweka.

Mzee akaachilia mlango. Akachukua fimbo, akaenda kwa gate ya plot, akasimama akihesabu kwa kidole. Akafunga gate. Akarudi, akanawa, akakula.

Nililia siku hiyo, sitaficha.

Ikawa ndio dawa yetu ya kila jioni. Majirani walizoea, wakipata gate imefungwa mapema wanagonga tu. Kwa hivyo huyu mtunzi, ambaye sikuwahi hata kujua jina lake mpaka alipokufa, alikuwa ananisaidia kulaza baba yangu.

Halafu akafa.

Nafikiri mnajua ile siku ilikuwaje. Redio zote, TV zote. Salon ya Mama Shiru iko mlango wa pili kutoka kwangu, na yeye ni shabiki sugu. Alianza kucheza hiyo tune asubuhi kabla sijamaliza chai.

Baba akasimama. Akachukua fimbo. Akaenda kwa gate.

Nikamrudisha. Baada ya nusu saa, duka la hardware ng'ambo ya barabara nao wakaiweka. Akasimama tena. Kabla ya saa sita alikuwa ameenda kwa gate mara saba, na kila mara anarudi akiwa amechanganyikiwa zaidi, kwa sababu jua liko juu na ng'ombe hawaingii.

"Hawajatimia," ananiambia. "Hawa watu wamefungulia ng'ombe wangu."

Nilienda kwa Mama Shiru nikamwelezea. Akazima mara moja, akaomba msamaha. Lakini mtaa mzima utauzimaje?

Kama saa nane hivi nilikuwa na oda ya sweta za kumaliza, na mzee amenishika mkono wa shati anataka twende tukatafute. Hapo ndipo nilikosea.

Nilimwambia, "Baba, hakuna ng'ombe. Walikufa wote na ukame. Ulikuwa hapo. Tuliwachoma pamoja."

Aliniachilia shati. Akauliza polepole, "Hata ile nyekundu?"

Nikasema hata ile.

Akakaa kwa kitanda akaangalia ukuta. Mimi nikarudi kwa mashine. Nilifikiri, heri, sasa kumetulia. Nilimaliza mikono miwili ya sweta, nikainua kichwa, nikapata kitanda ni kitupu.

Nilimtafuta mpaka miguu ikakataa. Mama Shiru alifunga salon, wateja wengine wakiwa na nywele nusu, wakaingia njia tofauti wakiuliza watu. Tukatuma picha yake kwa group ya plot na ya kanisa. Mimi nilikuwa naangalia kila mtaro. Ile barabara kubwa na malori yake ndiyo ilikuwa inanimaliza.

Jua likikaribia kuzama, mama mmoja akapiga simu. Ameona picha kwa group ya kanisa. Anaishi upande wa nyika, mahali nyumba za mawe zinaishia na boma zinaanza.

Nilipofika nikamwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia, "Iko," kisha akanionyesha boma kwa kidole.

Baba alikuwa amekaa kwa stuli kando ya boma, na kikombe cha chai. Ndani kulikuwa na ng'ombe tisa. Gate ilikuwa imefungwa na waya, kwa fundo lake lile la siku zote.

Yule mama akaniambia, "Alikuja nyuma yao wakirudi. Hakuniuliza kitu. Aliwahesabu, akafunga, halafu akaniambia mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Nimeangalia, ni kweli."

Nikachuchumaa mbele ya mzee. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa yale nilisema."

Akaniangalia kwa heshima, vile unaangalia mgeni. "Kijana, ulisema nini?"

Sikurudia.

Hiyo ni wiki mbili sasa. Tumekuwa tukienda kwa yule mama kila Jumamosi, na anamwachia mzee kazi ya kufunga. Lakini jioni za katikati ya wiki, nikiweka ile tune kwa simu, Baba anaisikiliza tu kama wimbo mwingine wowote. Hasimami. Sijui kama ilichezwa sana siku moja ikaisha nguvu, au ni mimi niliivunja.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu aliyesahau msiba, ukimkumbusha, hujamwambia ukweli. Umemletea tu msiba upya, na utabaki nao peke yako, kwa sababu yeye kesho hatakuwa anajua.

Marehemu alale salama. Alifanya kazi kubwa kuliko alivyojua.

Wenye mko na wazazi wa hivi, karibuni kwa comments. Pole nimepata za kutosha. Niambieni tu mnafanyaje jioni ikifika.