Hukumu ya Ngamia Dume

Katika soko la mifugo la Garissa, neno la Ahmednoor kuhusu ngamia dume halikuwa na rufaa. Majike wakipita msimu bila kushika mimba, hahangaiki nao. Humtazama dume, husema, "Huyu ni wa kisu, leteni dume mwingine," basi, kwisha.

Nyumbani kwake, lo! Sheria ikageuka. Alimtaliki Rukiyo kwa kukosa mtoto, akamwoa Shamso, na huyo naye miaka ikapita kimya. Sasa mama yake, Hooyo Barwaqo, alikwisha sema: kesho Shamso arudi kwao Hulugho.

Ila kuna jambo Ahmednoor alilijua peke yake, na lilimtafuna. Ramadhani ilipokwisha alikwenda kwa daktari kwa siri, akapimwa mbegu. Daktari hakumung'unya maneno: mishipa ya korodani imevimba, joto linaziharibu mbegu, zimebaki chache na dhaifu. Upasuaji mdogo huenda ukasaidia. "Njoo na mkeo tuzungumze." Bwana huyu akaitikia, akatoka, akafunga mdomo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini aibu haisikii la mtu.

Kesho yake asubuhi kakake Abdisalam aliingia uani akimvuta dume wa ukoo kwa kamba. Ndani, Shamso alikuwa akikunja nguo. Kila kabati lilipolia, Ahmednoor alishtuka.

"Walaal, ndugu yangu, majike wote hawana kitu tumboni," alisema Abdisalam. "Halafu, natoka Tarbaj. Rukiyo amemzalia mume wake mpya mtoto wa kiume."

Chai aliyokuwa akinywa ikammwagikia Ahmednoor mapajani. Hakuusikia moto wake.

"Mungu humpa amtakaye," Hooyo Barwaqo akadakia haraka.

Shamso akatokea mlangoni na begi lake. "Ahmednoor, niambie jambo moja tu kabla sijaondoka. Majike wasiposhika mimba, nyinyi hubadilisha nani?"

"Ebo! Ulimi gani huo?" mama akafoka.

Abdisalam alimtazama nduguye taratibu, kuanzia miguuni kwenda juu, vile wanunuzi wanavyotazama mnyama. Ahmednoor akaogopa hasa. Akisema ni mapenzi ya Mungu, atapona yeye, na Shamso ataondoka na jina la tasa, kama Rukiyo alivyoondoka nalo.

"Dume," akasema. "Ni mimi. Daktari aliniambia. Kuna matibabu, Shamso."

Mama akajifunika uso kwa shungi. Shamso hakuliweka begi chini.

"Alikuambia lini?"

"Ramadhani ilipokwisha."

"Na ukaniacha nifungashe."

Akampita ngamia pale langoni, akaenda zake.