Kinamasi Kilichosafishwa

Leonia hakupatana na uchafu. Uani kwake, nje kidogo ya Ujiji, hata kuku walitembea kwa adabu, na majirani walimtania kwamba siku akifa ataamka kwanza alifagie kaburi. Kwa hiyo ziliposikika habari kwamba mtaalamu anakuja kukagua afya ya kinamasi, kila mtu alijua kazi imeshapata mwenyewe.

Kinamasi kile ndicho kilichowalisha. Leonia na wenzake, wajane wengi wao, walikata mafunjo humo na kusuka mikeka iliyouzwa mpaka Mwandiga. Ofisi iliyomtuma mtaalamu ilikuwa imesema waziwazi: kikikutwa kizima, wataendelea kukata, kikikutwa kigonjwa, kitafungwa mpaka kipone. Leonia akawaza, mtu gani mwenye akili zake humpokea mgeni kwenye nyumba isiyofagiliwa? Akawatoa wenzake na mapanga na ndoo. Wakafyeka mafunjo ukingo mzima, wakaopoa majani yaliyooza, wakakokota tope na magogo mpaka nchi kavu. Maji yalipotulia, mchanga ulionekana chini. Leonia alisimama pale amelowa mpaka kiunoni, akaona fahari ambayo hakuwa ameionja tangu alipomwoza binti yake.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti wa Njombe, jina lake Asnath, mpole wa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tumekuandalia."

Asnath aliyatazama maji. Akatumbukiza kipimo chake, akasoma, akakikung'uta, akatumbukiza tena. Kisha akaburura wavu chini ya maji na kuumimina kwenye sinia jeupe. Alitafuta mabuu ya kereng'ende, konokono na vijidudu vingine ambavyo vikiwapo ujue maji yana uhai. Sinia lilibaki na mchanga mtupu. Akajaribu mahali pengine, na pengine tena, na mambo yakawa yaleyale.

"Mama, huko juu nani analima?"

Huko juu palikuwa na mpunga wa Bonifasi, na Bonifasi alikuwa na dawa zake za kupulizia wadudu. Leonia aliliona jina hilo likimjia mdomoni, tamu kabisa. Kinamasi kingefungwa vilevile, ila lawama ingelala kwa mwingine. Aliona aibu kwa kulifikiria tu.

"Bonifasi hana kosa. Hapa palikuwa na mafunjo, na majani, na tope. Tuliyatoa kwa ajili yako."

Asnath aliuweka wavu chini polepole. "Ile ndiyo nyumba ya wadudu ninaowatafuta, mama. Ndiyo inayochuja maji pia. Nitaandika kilichotokea, lakini siwezi kuandika kwamba nimewaona."

"Watarudi?"

"Wakiachwa. Pasiguswe kabisa."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Maisha yake yote Leonia aliamini kwamba kitu kisichoguswa ni kitu kilichotelekezwa, na mumewe alipougua alimwogesha na kumbadilisha shuka mpaka mwenyewe akamwomba amwache apumzike. Hakuwahi kuelewa ombi lile. Sasa alilielewa, akiwa ameshika kingo za sinia tupu, na machozi yakamtoka, asiyafiche.

Kwake, wenzake walikuwa wameshapika ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa ajili ya mgeni. Asnath alisita mlangoni.

"Nitakulaje chakula chao, mama, na habari niliyonayo?"

"Chakula hakina kesi. Ingia, ule. Habari ni yangu."

Wakala wote, wakimsifia mgeni kwa kula vizuri. Vyombo vilipotolewa, Edina, mkubwa wao, akauliza kwa furaha kama wameshinda. Asnath akainamisha kichwa. Leonia akasimama.

"Kinamasi kinafungwa," alisema. "Mtoto wa watu hajakifunga. Nimekifunga mimi, kwa usafi wangu."

 Edina akasogea pembeni kwenye mkeka wake, akampisha akae karibu yake.