Betri Tisa za Karekezi

Tulipopita Erie, theluji ilianza kuingia barabarani kutoka upande wa ziwa, na Nshuti akazima redio ili aone vizuri. Alikuwa ananipeleka Buffalo nikakae siku chache kwa mjomba wake, Karekezi, na tangu Columbus hakuwa amemsema vizuri hata mara moja.

"Louisville walimtoa ghalani kwa sababu hakimbii. Nikamwita Columbus, nikamtafutia kazi ya kupakia nguo. Miezi minne, wakapunguza watu, akawa wa kwanza. Sasa analinda betri. Zimelala, yeye anaziangalia. Ukimwona usicheke."

"Na mkewe?"

"Mama Teta amebaki Louisville na binti. Amesema hahami tena mpaka mjomba amalize baridi moja nzima kazini. Moja tu. Aprili ikimkuta hajafukuzwa, wanakuja."

Ilikuwa Februari 2015. Lackawanna, mji ulio kando ya Buffalo, sikuwa nimewahi kuiona: maghala ya chuma yaliyovunjika madirisha, reli zisizo na treni, na nyuma yake uwanja uliozungushiwa waya. Ndani walikuwa wameegesha magari ya kulala, yale makubwa yenye kitanda, jiko na friji, ambayo wenyewe huenda nayo ziwani wakati wa joto na kuyaacha hapo theluji inapoanza. Nshuti alinishusha langoni bila kuzima injini, akamsalimia mjomba wake kwa dirisha, akageuza gari.

Karekezi alikuwa mrefu, karibu miaka sitini, na koti lililomfika magotini. Juu Itombwe, kwao milimani Kongo, alikuwa mfugaji na mzee wa kanisa. Kabla hata ya kuniuliza habari za safari alinipeleka kwenye kibanda cha mbao kilichokuwa mwisho wa uwanja. Betri zilipangwa kwenye rafu pande mbili, kila moja na namba ya gari lake.

"Betri ikishiba haigandi," alisema. "Yenye njaa inaganda sawa maji. Donc, kwa hiyo, kazi yangu ni kulisha. Ni hivyo tu."

Haikuwa hivyo tu. Novemba alizitoa zote kwenye magari mwenyewe. Alianza na waya mweusi, kisha mwekundu, akafuta vichwa vya betri kwa magadi soda mpaka ukungu mweupe ukaisha. Kila mwanzo wa mwezi alipima moja moja. Iliyoshuka chini ya volti kumi na mbili na nukta nne aliirudisha kwenye chaja, na kabla ya kuchomeka plagi alifungua dirisha, hata baridi ikiwa ya kukata masikio, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na cheche inaweza kulipua kibanda. Kiingereza hakukijua, ila namba alizisoma kwa kasi kuliko mimi.

Aliyekijua Kiingereza alikuwa Bisimwa, mwenzake wa pekee pale, mtu wa kabila la Washi wa Kivu, wa miaka thelathini na kitu, aliyekisoma kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Bisimwa alisukuma theluji kwa trekta na kumtafsiria Karekezi kila alipotaka kuzungumza na mwenye uwanja, Salvatori. Na Salvatori alikwisha kuwaambia wote wawili, mwezi mmoja nyuma, kwamba Februari ikiisha atabaki na mmoja hadi majira ya joto.

Waliishi na jambo hilo kwa mzaha.

"Papa Teta, rudi Louisville kwa mama," Bisimwa alisema tulipokuwa tunakula. "Ule mwanamuke atakusahau."

"Na wewe unavala koti tatu na bado unalia. Salvatori atabakia na mutu mwenye anaweza baridi."

"Baridi ni ya kwenu, watu ya milima. Mimi naweza kuongea. Hapa wanalipa mudomo, muzee."

Jumatatu chaja kubwa, ya pekee pale, ilikufa. Karekezi aliifungua, akanusa nyaya zilizoungua, akaifunga. Kwenye rafu ya ukutani kulikuwa na betri tisa zilizoletwa mwisho, kutoka kwa watu walioacha friji zikiwaka hadi Januari. Zilikuwa zimebakiza chaji kidogo, zinangoja zamu ya chaja. Utabiri ulisema Jumatano usiku baridi itashuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ofisi ya Salvatori ilikuwa na joto na nafasi tele, lakini ni Salvatori peke yake aliyeweza kuruhusu kitu cha asidi kiingie humo.

Tulikwenda ofisini sote. Karekezi alivua kofia.

"Umuambie, kuna betri zimechoka kidogo."

Bisimwa akatafsiri: kuna betri zimechoka kidogo.

"Sawa," alisema Salvatori bila kuinua macho. "Aendelee kuziangalia."

Huko Itombwe mtu akifa, ndugu yake aliye mbali haambiwi amekufa. Anaambiwa hakulala vizuri. Kesho yake anaambiwa amezidiwa. Anayeambiwa anaelewa tangu neno la kwanza, anaanza kutafuta nauli, na heshima ya pande zote inabaki mahali pake. Kumwendea mkubwa na kumtupia msiba mzima mlangoni ni kumpiga kofi. Karekezi hakujua namna nyingine ya kupeleka habari mbaya.

Jumanne alirudi. "Zile betri leo hazikuamka muzuri."

"Anasema leo hazikuamka vizuri," Bisimwa alisema kwa Kiingereza chake safi.

Salvatori alicheka. "Hata mke wangu."

Jumatano, saa tisa mchana: "Umuambie, zile za kwa ukuta, hali imekuwa mubaya kabisa. Tusali."

Bisimwa akatafsiri yote, pamoja na sala. Salvatori akasema Karekezi ni mtu mwema sana, akavaa glavu akaenda nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na lugha zote mbili kichwani. Nilidhani Bisimwa ataongeza sentensi moja ya kwake. Hakuongeza, na sikuongeza.

Alhamisi asubuhi betri zote tisa zilikuwa zimepasuka. Barafu ilikuwa imezisukuma kuta zake nje, na moja ilikuwa imeachama ubavuni kama mdomo. Salvatori alizitazama, akahesabu kwa kidole.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nimemuambia siku tatu," alisema Karekezi.

"Aliniambia zimechoka. Mimi pia nimechoka. Nilipaswa kuzifunika blanketi?" Halafu akamwambia Bisimwa amweleze mzee kwamba kesho saa sita ndiyo mwisho wake, na kabla ya hapo amfundishe Bisimwa kazi yote. Bisimwa alilitafsiri hilo nalo, hakusahau kitu.

Salvatori alipoondoka, Karekezi alimgeukia.

"Ulijua nilikuwa nasema nini."

"Muzee, mi nilitafsiri maneno yako. Moja moja. Sikuongeza, sikupunguza."

"Kwenu kule Walungu, mutu akikufa munasema aje?"

"Tunasema amechoka kidogo," Bisimwa alijibu. "Lakini hapa si Walungu."

Jioni ile, chumbani kwa Karekezi, mtaa wa Kensington-Bailey, simu ya Louisville ilimtangulia kabla hajaipiga. Mchana alikuwa amempigia Nshuti, na Nshuti alikuwa amekwisha kusema. Nyirangabo, yaani Mama Teta, hakulia wala kugomba. Alimwambia mumewe asipande basi la kwenda Louisville, aende Columbus kwa mpwa wake, na kwamba Teta ana shule asubuhi, hawezi kuja kwenye simu.

Ijumaa alifundisha. Salvatori alikuwa amenunua chaja mpya, na Karekezi alimwonyesha Bisimwa kila kitu kwa mpangilio: waya mweusi kwanza, magadi soda, miwani ya plastiki, namba za kusoma, dirisha wazi, plagi mwisho. Alimfanya arudie. Bisimwa alipokosea alimrekebisha kwa upole ambao ulimtia Bisimwa wasiwasi kuliko matusi. Saa sita kasoro alichukua begi lake.

"Ni yote?" Bisimwa aliuliza.

Karekezi alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

"Karibu yote."

"Karibu? Imebaki nini?"

"Kazi muzuri, mutoto yangu."

"Muzee, imebaki nini? Hii kitu inaweza kunilipua?"

Alikuwa tayari ameshika njia ya Ridge Road, anatembea kwa mwendo ule ule uliomfukuzisha Louisville. Basi lilikuja, likapiga magoti, likishusha mlango kwa ajili ya wazee kama yanavyofanya mabasi ya huku, naye akapanda bila kugeuka.

Bisimwa alinitazama. "Wewe ulikuwa hapa asubuhi yote. Ameacha nini?"

Kwa jinsi nilivyoona, hakuacha kitu. Nilimwambia sikumbuki. Alisimama kando ya dirisha lililo wazi, theluji ikimwingilia shingoni, plagi mkononi, na hakuichomeka.