Kompyuta ya Chini ya Meza

Mume wangu aliendesha malori miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akikanyaga breki kwa hiari. Siku alipozikanyaga, zilikataa. Lori likalala mtaroni, na goti lake la kulia likashonwa kwa vyuma.

Daktari alisema vyuma si tatizo, tatizo ni uvivu. Goti lilipaswa kukunjwa kila siku. Lisipokunjika ndani ya miezi mitatu, litaganda hivyo hivyo, na lori atabaki kuliona likipita barabarani kama mimi na wewe. Breki alijaribu mazoezi mara mbili, akapiga yowe, akageukia ukutani. Tangu hapo yeye na kitanda wakawa chanda na pete. Nilimpelekea chakula humo, maji ya kuoga humo, umbea wa majirani humo. Mgonjwa haulizwi uji, nami nilijiona mke wa mfano.

Kitu kimoja tu kilimfanya ainue kichwa. Madereva wenzake wana mchezo wa malori wa kwenye kompyuta. Kila Jumamosi saa nne asubuhi hujipanga msafara mtandaoni, kila mtu akiwa nyumbani kwake, wakitaniana hadi adhuhuri. Walimwambia atafute mashine, nafasi yake ipo.

Nikamwita Waya, fundi kompyuta wa mtaani kwetu, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nikamwonyesha laptopu ndogo ya bei nafuu niliyoichagua.

"Dada, kwa hii, lori litakwenda kwa kurukaruka kama lina kwikwi," alisema. "Kwa bei hiyohiyo nakuungia ya mezani. Vipande vingine vimetumika, lakini vizima."

"Ya mezani ataichezea wapi, na mtu haondoki kitandani? Laptopu ataiweka mapajani, basi."

Breki alikuwa akitusikiliza kutoka kitandani. Akasema bila kunitazama, "Mama, ukininunulia ya mapajani, humu chumbani nitatoka kwa machela."

Niliumia. Miezi miwili nambeba mtu kama yai, halafu ananiambia namzika! Nilitoka bila kumjibu. Hasira ziliposhuka nikamwambia Waya aunge ya mezani, tena aiweke sebuleni.

Ijumaa Waya aliiunga mbiombio, kuna wateja wawili wanamngoja. Boksi likakaa sakafuni chini ya meza. Juu yake kioo, na usukani wa plastiki uliobanwa ukingoni, makanyagio yake yako sakafuni. Kesho yake Breki alijikokota kwa magongo, akakaa, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mpini wa fagio. Mafuta alikanyaga kwa mguu wa kushoto.

Malori kumi na mawili yakaondoka, yeye wa tatu. Dakika ya kumi, katikati ya daraja jembamba, kioo kikawa cheusi. Akawasha. Ikawaka, ikazimika tena.

Simu ikaita. Alikuwa kiongozi wa msafara. "Breki, vipi? Tunakungoja ng'ambo ya daraja nusu saa. Usiporudi, nafasi anapewa mwingine. Watu wamepanga foleni, kaka."

Nikampigia Waya. Aliuliza kama boksi ni la moto. Nikaligusa, nikarudisha mkono haraka.

"Mungu wangu," alisema. "Kile kiplastiki chini ya feni. Sikukibandua."

Kumbe feni mpya ya kupoza mashine huja na ngozi nyembamba ya plastiki kwa chini, na fundi huibandua kabla ya kuifunga. Akisahau, joto halina pa kutokea, na mashine hujizima isiungue.

"Niko mbali, dada. Ni skrubu nne tu, fungueni wenyewe. Bisibisi na ile dawa nyeupe ya kupaka chini ya feni nimeziacha hapo mezani."

Breki akanitazama. Miezi miwili yote, kilichoanguka niliokota mimi. Magoti yangu yalishaanza kukunjika yenyewe. Sijui ni hasira au ni nini, nikasimama wima, nikafumbata mikono.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamwambia.

Alinitukana, na matusi ya madereva ni marefu. Kisha akatia bisibisi na dawa mfukoni, akashika meza, akaanza kushuka. Nilisikia goti likialika. Alipopiga yowe niliuma mdomo nisimkimbilie. Nilijichukia, lakini sikusogea.

Akafika chini, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Nikaweka simu karibu naye. Skrubu tatu zikatoka. Ya nne ikagoma.

"Usilazimishe, kaka," alisema Waya. "Zungusha taratibu."

Ikatoka. Akanyanyua feni, akabandua kiplastiki, akapaka dawa, akafunga. Skrubu moja ilimponyoka mara mbili. Mashine ikawaka, na safari hii ikakaa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia ukweli. Nusu saa ilikuwa imepita kwa dakika sita. Kwenye kioo daraja lilikuwa tupu, na jina lake halikuwamo tena kwenye orodha.

Nilidhani atalia. Lakini alikuwa analitazama goti lake, limekunjika pale sakafuni kama la mtu mwingine. Nikamnyooshea mkono.

"Usinishike," alisema.

Akashika meza, akainuka mwenyewe, akahema. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akashuka tena.